Mheshimiwa Alikuwa Wapi Siku Ile?

Jumatano tarehe 27 Februari 2019, Bunge la Taifa la Kenya lilikuwa na kazi moja nzito. Mezani kulikuwa na mswada wa kurekebisha Katiba ili kutimiza kanuni ya thuluthi mbili, ile inayotaka jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wanaoshika nyadhifa za kuchaguliwa au kuteuliwa. Mswada wa aina hiyo haupiti kwa Spika kusikiliza upande gani umepaza sauti zaidi. Unahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233 kati ya 349. Waliopatikana ukumbini walikuwa 174. Mswada ukaanguka, na aliyeuangusha hakuwa mtu aliyesimama akatoa hoja kali ya kuupinga. Uliangushwa na viti vitupu. Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Bunge halikuvunjwa.

Nakuuliza wewe uliyepanga foleni alfajiri ya Agosti ukitetemeka kwa baridi: mbunge wako alikuwa wapi alasiri ile?

Pengine wewe mwenyewe hukuutaka mswada ule. Sawa, ni haki yako, na mbunge wako angeweza kusimama akasema "la" kwa niaba yako, jina lake likaandikwa na sababu zake zikabaki kwenye kumbukumbu. Asiyefika hakusema ndiyo wala la. Alichukua sauti yako akaenda nayo mahali usipopajua.

Kwetu tuna mazoea ya kumpima mbunge kwa macho. Alikuja mazishini? Alitoa shilingi ngapi kwenye harambee ya kanisa? Mtoto wa jirani alipata basari? Haya si mambo madogo kwa mtu anayehangaika na karo, wala simcheki anayeyauliza. Lakini Katiba ya 2010, katika kifungu cha 95, haikumpa mbunge kazi ya kubeba bahasha. Ilimpa kazi ya kuwawakilisha watu wa eneobunge lake, kutunga sheria, kugawa mapato ya taifa na kuisimamia serikali. Kazi hizo anazifanyia Nairobi, mbali na macho yetu, kila Jumanne, Jumatano na Alhamisi Bunge linapoketi. Na zina maandishi. Hapo ndipo ninapotaka twende pamoja: kwenye maandishi.

Nianze na Hansadi, kumbukumbu rasmi ya kila neno linalosemwa Bungeni. Iko wazi kwa umma. Ukitafuta jina la mbunge wako humo utajua alizungumza lini, kuhusu nini, na kama aliwahi hata mara moja kulitaja soko lenu, mto wenu au hospitali yenu. Mwaka 2005, Wakenya wawili, Ory Okolloh na Conrad Akunga, walianzisha tovuti waliyoiita Mzalendo ili mwananchi wa kawaida aweze kuona wabunge wanafanya nini. Walifanya hivyo miaka mitano kabla ya Katiba mpya kutuhakikishia haki ya kupata habari. Leo Mzalendo ni shirika linalotoa kila mwaka orodha ya wabunge kulingana na michango yao ndani ya ukumbi, na mara kwa mara orodha hiyo imewataja waliomaliza mwaka mzima bila kufungua kinywa. Watu wawili walianza kazi hiyo, na hadi leo ikitoka, waheshimiwa wanayatafuta majina yao humo.

Ila usiishie kuhesabu maneno. Kuna mbunge anayesimama kila siku kumpongeza aliyemtangulia kuzungumza, akaketi. Kuna mwingine anayenyamaza ukumbini lakini kwenye kamati anawabana maafisa wa wizara mpaka wanatoa stakabadhi walizokuwa wameficha. Kazi kubwa ya Bunge hufanyika kwenye kamati, na kamati nazo zina maandishi. Fungua ripoti yoyote ya kamati iliyowasilishwa Bungeni, nenda kurasa za nyuma. Utakuta kumbukumbu za vikao zikitaja waliohudhuria na waliokosa, na orodha ya wajumbe waliotia sahihi kuipitisha ripoti. Hapo ndipo mahudhurio yanapojulikana. Watu wachache sana huzifungua kurasa hizo, na hiyo ndiyo sababu wengine hukosa vikao bila hofu.

Sasa miswada, ambayo ndiyo roho ya jambo hili.

Bunge huchapisha jedwali la kufuatilia miswada. Humo utaona jina la mswada, nani aliyeudhamini, ulichapishwa lini, umesomwa kwa mara ya kwanza lini, ya pili lini, na umekwama wapi. Mtu akiliona jedwali hilo mara ya kwanza hukimbilia kuhesabu: fulani ana mitano, fulani ana sifuri. Tulia. Miswada ya serikali huletwa kwa jina la Kiongozi wa Wengi, kwa hiyo jina lake litajaa ukurasa ingawa imeandikwa na wanasheria wa serikali. Mwenyekiti wa kamati huleta miswada ya kamati yake. Unachokitafuta ni kile ambacho mbunge wako amekibuni mwenyewe, na unataka kujua kilibeba nini.

Chukua Njoki Ndung'u. Alikuwa mbunge wa kuteuliwa, hana eneobunge, hana watu wa kumpigia vigelegele sokoni. Alileta mswada wa makosa ya kingono katika Bunge lililojaa wanaume, wengine wakiupinga waziwazi. Ukakatwakatwa. Mapendekezo kuhusu ubakaji ndani ya ndoa yakatolewa. Lakini mwaka 2006 ukawa sheria, na tangu hapo anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini anakabiliwa na kifungo cha maisha. Mswada mmoja huo umewafikia watoto ambao hawatalijua kamwe jina la aliyeuleta. Au mtazame Crystal Asige, seneta wa kuteuliwa ambaye mwenyewe ana ulemavu wa kuona. Mswada wake wa 2023 kuhusu watu wenye ulemavu ulitiwa sahihi na Rais Mei 2025 na kuiondoa sheria ya 2003. Miaka miwili ya kuusukuma, kikao baada ya kikao. Ukikutana na mheshimiwa anayekwambia mswada wa mtu mmoja hauendi popote, mpe majina hayo mawili.

Njia yenyewe ni ndefu, na ukiijua hutadanganywa. Mbunge hupeleka pendekezo lake kwa Spika. Likikubaliwa huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, husomwa mara ya kwanza, kisha huenda kwa kamati, na hapo umma lazima uitwe kutoa maoni. Halafu huja mjadala wa kusomwa mara ya pili, kamati ya Bunge zima, kusomwa mara ya tatu, Seneti kama linahusu kaunti, na hatimaye meza ya Rais. Pendekezo likigusa kodi au matumizi ya fedha za umma, kifungu cha 114 kinataka kamati husika ipate kwanza maoni ya waziri wa fedha, na hapo mengi hufia kimya kimya. Na Bunge linapofika mwisho wa muhula wake, miswada isiyokamilika huzikwa nalo. Ndiyo maana mbunge anayechapisha mswada miezi michache kabla ya uchaguzi anastahili kuulizwa swali moja tu: miaka minne iliyopita ulikuwa unafanya nini?

Uliza pia mwisho wa mswada, kwa kuwa kupitishwa si mwisho. Mwaka 2000 mbunge wa Gem, Joe Donde, aliwapelekea wabunge mswada wa kuziwekea benki kikomo cha riba. Ukapita, ukapingwa mahakamani, ukashindwa kufanya kazi. Mwaka 2016 mbunge wa mji wa Kiambu, Jude Njomo, akaurudisha kwa sura nyingine: riba ya mkopo isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Ukapita, Rais Uhuru Kenyatta akautia sahihi. Kisha mwaka 2019 Rais akaurudisha Mswada wa Fedha Bungeni akitaka kikomo hicho kiondolewe. Ili kumkatalia, zilihitajika zile zile kura 233. Novemba siku ilipofika, ukumbi haukufikisha idadi hiyo, na kikomo cha riba kikaondoka.

Kuna wanauchumi waliosema kikomo kile kilizifanya benki ziwanyime mikopo wafanyabiashara wadogo, na hoja yao si ya kupuuza. Basi mbunge anayeamini hivyo aje aseme hivyo, mwenye duka na mama mboga wamsikie. Linaloniuma ni kwamba mara mbili katika mwaka mmoja, Februari na Novemba, maamuzi mazito ya nchi hii yalikatwa na watu ambao hawakuwepo. Huwezi kubishana na mtu ambaye hakufika. Unachoweza kufanya ni kuandika kwamba hakufika.

Kwa hiyo liweke akilini neno kura, na ujue inavyopigwa. Mara nyingi Spika huuliza swali, wanaokubali wanasema ndiyo, wanaopinga wanasema la, naye huamua kwa sikio. Hansadi itaandika kwamba hoja ilikubaliwa, na jina la mtu halitaonekana. Ni siku chache tu ambapo wabunge huhesabiwa mmoja mmoja kwa majina. Siku hizo ni dhahabu. Mbunge anayejua kwamba watu wake wanaomba orodha ya majina kila inapopatikana, hapigi kura kama yule anayejua hakuna atakayeuliza.

Juni 2024 tuliliona hilo kwa macho yetu. Alhamisi tarehe 20, Mswada wa Fedha uliposomwa mara ya pili, wabunge 204 walisema ndiyo na 115 wakasema la. Jumanne tarehe 25, uliposomwa mara ya tatu, ndiyo zilikuwa 195, la zikawa 106, na kura 3 zikaharibika. Orodha za majina zilisambaa kwa simu kabla jua halijachwa. Vijana walikuwa wameutafsiri mswada ule kwa lugha zao za nyumbani, wakaueleza kwa video fupi, wengine wakatengeneza programu ya akili bandia ya kujibu maswali juu ya vifungu vyake. Watu waliuawa kwenye maandamano siku ile, na deni hilo halijalipwa. Rais alitangaza kesho yake kwamba hatautia sahihi mswada ule.

Tulichojifunza ni kwamba Wakenya wanaweza kuusoma mswada. Msituambie tena kwamba mambo ya sheria ni ya wasomi. Lakini tazama tarakimu hizo kwa makini. Kati ya Alhamisi na Jumanne ndiyo zilipungua, na la zikapungua pia. Kuna waliokuwepo siku ya kwanza wakatoweka siku ya pili, katika pande zote mbili. Je, wako alikuwa miongoni mwao? Hasira ya Juni ilikuwa kubwa, lakini hasira bila daftari hupoa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kura ni mali.

Tazama tunavyokiendesha chama chetu cha akiba pale mtaani. Mweka hazina akichelewa kuleta kitabu siku moja, simu zinalia. Kila shilingi 200 ina jina na tarehe, na kila mwanachama anayo haki ya kuuliza mbele ya wenzake bila kuonekana mkorofi. Watu hawa hawa wanaojua kumdhibiti mweka hazina wa watu ishirini wanamkabidhi mtu mmoja sheria zote na bajeti ya taifa, kisha wanangoja miaka mitano. Ujuzi tunao. Tunachokosa ni kuuhamisha kutoka kwenye kibanda cha mikutano ya chama hadi kwenye ofisi ya mbunge.

Basi fungua faili. Daftari la shule la kurasa 96 linatosha. Usilifungue peke yako: watafute watano, mwalimu aliyestaafu, kijana wa saiba, mama wa kikundi, mwendesha bodaboda anayependa habari, mwanafunzi wa kidato cha nne. Gawaneni kazi. Mmoja afuatilie Hansadi, mmoja jedwali la miswada, mmoja ripoti za kamati anayokaa mbunge wenu. Msisahau kwamba mlichagua pia seneta na mwakilishi wa wanawake wa kaunti, nao wanastahili kurasa zao. Kama lugha ni kikwazo, maana sehemu kubwa ya Hansadi imo kwa Kiingereza ingawa kifungu cha 120 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Bunge, basi anayeelewa awasomee wengine. Msomeane kwa sauti. Mzee asiyejua kusoma atauliza maswali makali kuliko sote.

Kwa fedha za NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneobunge, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa ripoti ya kila eneobunge, kila mwaka wa fedha. Ripoti hiyo hutaja miradi iliyolipiwa na haijakamilika, na malipo yasiyo na hati. Kisha mnatoka na ripoti mkononi mnakwenda kuliangalia lile darasa, kama lina paa.

Mkikosa karatasi mnayoitaka, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamlazimu afisa wa umma kulishughulikia ombi lenu ndani ya siku 21. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Akikataa bila sababu, mnapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mkiona sheria inawaumiza, kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliandikia Bunge ombi rasmi la kutunga, kurekebisha au kufuta sheria, na hilo nalo laweza kuwa kwa Kiswahili. Mbunge akikosa vikao 8 katika kipindi kimoja cha Bunge bila ruhusa ya maandishi ya Spika, na akashindwa kujieleza kwa kamati inayohusika, kifungu cha 103 kinasema kiti chake kinakuwa wazi. Wangapi kati yetu waliwahi kuambiwa hivyo kwenye mkutano wa kampeni?

Kuhusu kumwondoa mbunge kabla ya muhula wake kuisha, kifungu cha 104 kinatupa haki hiyo waziwazi. Lakini mwaka 2017 Mahakama Kuu ilifuta sehemu kadhaa za Sheria ya Uchaguzi zilizoweka utaratibu wake, na wenye kazi ya kuweka utaratibu mpya ni wabunge wale wale wanaoweza kuondolewa nao. Liandikeni hilo katika ukurasa wa kwanza wa daftari: je, mbunge wetu amewahi kuleta mswada wa kutupatia njia ya kumwondoa? Jibu lake litawaeleza mengi kuhusu anavyowaona.

Jambo moja nalisisitiza kwa moyo wote. Faili hili si la matusi. Usiandike anapolala, watoto wake wanasoma wapi, wala mkewe anafanya nini. Andika tarehe, jina la mswada, kura, ukurasa wa ripoti. Akifanya vizuri, andika vile vile, na umsifu hadharani. Mbunge mzuri hupata upweke mkubwa kwa sababu kazi yake nzuri haionekani, naye hushindwa na mwenye bahasha. Ukimtaja kwa jina mbele ya baraza la chifu ukasema mswada wake uko hatua fulani na mnausubiri, umempa nguvu ambayo pesa haziwezi kumpa.

Uchaguzi unaofuata unapaswa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027. Wataanza kuja mapema, na vipaza sauti, na fulana. Msiwafukuze. Wapeni kiti, wapeni chai, kisha mtu mmoja asimame afungue daftari na kulisoma tangu ukurasa wa kwanza, na aliyekuwa akitafuta kiti mara ya pili ajibu pale pale.

Lakini msingoje siku hiyo. Barua ya kwanza ipelekeni wiki hii kwenye ofisi ya eneobunge, na nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, mbaki nayo. Isiwe ndefu. Iandikwe hivi:

Mheshimiwa, sisi wapiga kura wako tunaomba utujulishe kwa maandishi: ni miswada ipi umeidhamini tangu uapishwe, na kila mmoja umefikia hatua gani, wewe ni mjumbe wa kamati zipi, na umehudhuria vikao vingapi kati ya vilivyofanyika, ulipiga kura gani katika kila kura iliyohesabiwa kwa majina, na ambazo hukupiga, ulikuwa wapi. Tutalisoma jibu lako, au tutawaeleza watu kwamba hukujibu, kwenye mkutano wetu wa mwezi ujao, nawe umealikwa.